Nilivyojifunza visasili vya Wagiriki na Warumi nyuma ya kalenda

Katika jaribio la kwanza la somo la visasili, nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, tuliulizwa wazazi wa Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, ni akina nani. Mimi niliandika kwamba ni binti wa Zeus na Dione, na mwenzangu niliyeketi naye akaandika kwamba hakuzaliwa na mama yeyote, bali aliibuka katika povu la bahari. Karatasi ziliporudi, sote wawili tulikuwa tumepewa alama kamili, nami badala ya kufurahi nikakereka, kwa kuwa nilikuwa nimekesha siku mbili nikikariri jedwali la safu mbili, majina ya Kigiriki upande huu na ya Kirumi upande ule, nikiamini kwamba kila swali lina jibu moja. Katika maswali kumi na tisa yaliyobaki nilipata saba.

Nilipokwenda kulalamika, mhadhiri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza maneno mawili tu: "Nani kasema?" Povu ni kauli ya Hesiod, aliyetunga Theogonia karibu mwaka 700 KK. Dione ni kauli ya Homer, katika kitabu cha 5 cha Iliad, pale Aphrodite anapojeruhiwa mkono na Diomedes vitani na kukimbilia mapajani mwa mama yake kama mtoto aliyeanguka. Sisi tuliolelewa katika dini zenye kitabu hudhani kwamba kila imani ina msahafu wake unaokata shauri, lakini Wagiriki hawakuwa nao. Walikuwa na washairi, na kila mji ulikuwa na mahekalu yake na masimulizi yake, na hapakuwa na mtu wa kuwapatanisha.

Jedwali nikaliweka kando, nikaisoma Theogonia yenyewe, ambayo ina mistari elfu moja na ushee na humalizika kwa jioni mbili. Kisha nikachukua kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, ile ya karatasi moja kubwa yenye miezi yote kumi na miwili, nikaigeuza na kuanza kuchora nasaba upande mweupe, kama tunavyochora ya ukoo wetu kunapokuwa na ugomvi wa mirathi. Juu nilimweka Gaia, yaani Ardhi, na mwanawe na mumewe Uranos, yaani Mbingu. Chini yao Kronos aliyempindua baba yake. Chini ya Kronos, Zeus aliyempindua baba yake naye. Ugomvi wa mirathi, kwa kweli, ndio hasa uliokuwapo. Kronos aliwameza watoto wake mmoja mmoja, Hestia, Demeter, Hera, Hades na Poseidon, na alipozaliwa wa sita, Zeus, mama yao Rhea akampa mumewe jiwe lililofungwa nguo za kitoto. Siku alipolazimika kuwatapika, lilitangulia jiwe, kwa sababu ndilo lililoingia mwisho. Tangu niliposoma hilo la jiwe sikuhitaji tena kukariri watoto hao sita ni akina nani.

Shida ilianza kwa Zeus, ambaye mke wake ni dada yake na ambaye watoto wake wa nje ni wengi kuliko nafasi iliyobaki kwenye karatasi. Hao niliwaandika kwa kalamu nyekundu, na punde nikaona kwamba mashujaa wengi wapo katika wino huo, na kwamba kila penye wino mwekundu Hera hayuko mbali. Herakles ndiye mfano mkubwa. Zeus aliapa kwamba mtu wa damu yake atakayezaliwa siku ile atatawala majirani zake wote. Hera akauchelewesha uchungu wa Alkmene, mama yake Herakles, na kumharakisha Eurystheus, mwingine wa damu hiyo ya Zeus, azaliwe wa miezi saba, ndiyo maana mwenye nguvu akaja kumtumikia dhaifu. Na jina Herakles lenyewe huelezwa kuwa ni "utukufu wa Hera"! (Wasomaji wa tenzi wamekwisha kulipitia jina hili bila kujua: Herekali wa Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ni Kaizari Heraclius, na jina lake limetokana na la Herakles.)

Likizo hiyo nilikuwa Tanga kwa bibi yangu, na kila jioni nilimsimulia niliyosoma mchana, maana niligundua kwamba palipomchanganya yeye ndipo mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa. Nilimweleza kwamba, kwa masimulizi ya Apollodorus, mwandishi wa Kigiriki, kazi za Herakles zilipangwa ziwe kumi. Eurystheus alikataa kuihesabu ile ya Hydra, nyoka wa vichwa tisa, kwa sababu Iolaos, mpwa wa Herakles, alimsaidia kuvichoma visiki vya shingo visiote tena. Akaikataa na ile ya kusafisha mazizi ya Augeias, kwa sababu Herakles alikuwa ameahidiwa ujira. Kwa hiyo zikaongezwa mbili, matofaa ya dhahabu na mbwa Kerberos. Bibi, ambaye baba yake alikata mkonge enzi za Waingereza, alicheka sana. "Basi, mume wangu, huyo ni nyapara," alisema. "Kibarua kamaliza kazi, yeye hataki kumwandikia kipande." Sijaona maelezo bora zaidi ya kumi kuwa kumi na mbili.

Warumi niliwatendea vibaya kwa muda mrefu, nikiwachukulia kama Wagiriki waliobadilishiwa majina. Katika lile jedwali palikuwa na nafasi tupu mbele ya Janus, nami nilidhani mchapaji amesahau, kumbe mungu huyo wa milango, mwenye nyuso mbili, hana mwenzake wa Kigiriki. Vilevile Ares na Mars, miungu wa vita, walikuwa mstari mmoja, ilhali katika Iliad Zeus anamwambia Ares waziwazi kwamba anamchukia kuliko miungu wote wa Olympus, na kwa Warumi Mars ni baba wa Romulus, mwasisi wa Roma, na pacha wake Remus, mtu wa heshima aliyepewa Machi, mwezi wa kwanza wa mwaka wao wa zamani. Ndiyo sababu Septemba, ambayo maana yake ni ya saba, sasa ni ya tisa.

Mwishowe karatasi haikutosha, nikagundisha kipande kingine chini kwa ajili ya Aeneas, mwana wa Aphrodite na Anchises, ambaye mshairi wa Kirumi Virgil alimtoa Troya inayoungua na kumfikisha Italia. Kutoka kwake na mwanawe Iulus niliteremsha mstari hadi kwa Julius Caesar, ambaye ukoo wake ulijinasibu na Venus, yaani Aphrodite wa Warumi, na ambaye mwaka 44 KK mwezi wa Quintilis ulipewa jina lake. Nikiigeuza karatasi, Julai ipo pale na tarehe zake thelathini na moja. Juu kabisa, Aphrodite bado ana mistari miwili ya wazazi. Nilitaka kuitofautisha kwa herufi ya kwanza ya kila mshairi, lakini wote wawili wanaanza na H, kwa hiyo mmoja umeandikwa "Ho" na mwingine "He".