Pakiti zinaingia, jibu halitoki

Leo nimeshinda ofisini Upper Hill nikihangaika na poti moja, yaani namba ya mlango ambao huduma inapitia kwenye mtandao. Mteja ana mashine pepe kadhaa, kompyuta zinazoendeshwa kwa programu ndani ya seva, kwenye wingu letu binafsi, lakini anwani ya umma ni moja tu. Anwani hizo za umma, za IPv4, ni adimu, na sisi tunaozigawa tumekuwa na mkono wa birika. Ndani, kila mashine ina anwani yake inayoanza na 10, zile zilizotengewa mitandao ya ndani na ambazo intaneti haizitambui.

Ruta basi inafanya kazi ya keretaka wa fleti za Pipeline: mgeni anajua jina la ploti tu, yeye anamwelekeza ghorofa ya 4. Pakiti, yaani kipande cha data, ikija poti 8443, ruta inaiandika upya iende 10.0.5.20, poti 443, na inaweka kumbukumbu ili jibu nalo libadilishwe likitoka.

Kanuni yenyewe ya kuelekeza haikunichukua muda. Fayawoli nayo, kizuizi kinachoamua pakiti zipi zipite, nikaifungua, maana kuelekeza si kuruhusu. Na ile ya kwenye mashine lazima iruhusu 443, si 8443, kwa kuwa pakiti ikifika pale imeshabadilishwa. Wengi hukwama hapo.

Bado kimya. Nikazima Wi-Fi ya simu, nikajaribu kwa bando ili nije kutoka nje, huku tcpdump, programu ya kutazama pakiti, inasoma kadi ya mtandao ya ile mashine. Pakiti zilikuwa zinaingia, kila moja na herufi S ya kuomba muunganisho. S, S, S. Hakuna hata jibu moja. Kumbe mashine ina kadi mbili, na njia yake ya kawaida ya kutokea imewekwa kwenye kadi ya pili, ya usimamizi. Majibu yalikuwa yanatokea huko na kupotelea huko, ruta haiyaoni. Nikaihamisha ile njia, ukurasa ukafunguka kwenye simu chai ikiwa bado moto.

Kijana wa mteja akafurahi mpaka akaniongezea kazi. "Sasa bosi, nifungulie na 5432, niwe naingia kwa databesi nikiwa nyumbani."

Hiyo nilikataa. Databesi haianikwi barabarani. Nimempa VPN, njia iliyofichwa ya kuingilia mtandao wa ndani, amenung'unika, lakini ameichukua.

Kinachonikosesha raha zaidi ni kanuni za zamani. Mtu anafunguliwa poti "ya wiki hii tu", mradi unakwisha, mashine inafutwa, anwani yake ya ndani inapewa mashine nyingine, na ile kanuni inaendelea kupeleka wageni kwa asiyewajua. Hakuna kengele inayolia, kwa sababu kila kitu kinafanya kazi kama kilivyoagizwa. Siku hizi kila kanuni naiandikia jina la mwenyewe na tarehe ya kufungwa. Wenzangu wananiita karani. Sawa tu. Kesho naanza kuzima zisizo na mwenyewe, tuone nani atapiga simu.