Jioni ya kuvua wolai Mississippi, baada ya shifti sita

Habari zenu wadau. Wiki hii nimepiga shifti sita na mbili kati ya hizo zilikuwa dabo, yaani unaingia saa tisa mchana unatoka kesho yake saa moja asubuhi. Wanaojua kazi ya kuhudumia wazee huku Minnesota, Marekani, wanaelewa, kuogesha, kulisha, kugeuza mtu kitandani kila baada ya muda asipate vidonda, na tulitakiwa tuwe watano kwenye floo tukawa watatu. Jumatano alfajiri mzee mmoja wa upande wangu akafariki, nilikuwa nimemshika mkono, binti yake alikuwa bado yuko njiani anakuja. Tukamsafisha, nikawa namvalisha shati lake la drafti alilokuwa analipenda, sijamaliza vifungo kengele ya chumba kingine ikalia, nikamwachia mwenzangu nikaenda. Hicho kifungo cha juu sikukifunga mimi, na ndicho kilichonikaa moyoni wiki nzima. Mpaka Ijumaa niko nyumbani nakaanga yai bado nasikia kengele.

Ijumaa nilikuwa ofu. Nikasema hapana, leo naenda mtoni. Nikabeba fimbo ya kuvulia na plaizi, laiseni ninayo mfukoni, nikashuka Hidden Falls, ni paki ya hapa St. Paul iko kando ya mto, chini kidogo ya lile bwawa la Ford. Simu nikaiacha kwenye gari kwa makusudi maana Ijumaa ndio siku meseji za kuziba shifti zinamiminika.

Na mto wenyewe ni Mississippi, ule ule tuliokuwa tunaukariri kwenye jiografia. Mimi ni mtoto wa Ukerewe, nimelelewa na maji pande zote, na nikwambie ukweli kilichonifanya niipende St. Paul sio mshahara, ni siku niliyosimama pale nikasikia harufu ya maji, tope na majani yanayooza, nikajua hapa nitaweza kuishi.

Samaki niliyemfuata anaitwa walleye, sisi Waswahili wa huku tunamwita wolai tu. Ndiye samaki wa jimbo la Minnesota tangu 1965, na watu wa huku wanavyomheshimu ni kama sisi na sato. Rangi yake dhahabu iliyochanganyika na kijani cha zeituni, pezi la mgongoni lina miiba kama ya sangara, meno makali, na ncha ya chini ya mkia ina weupe kidogo kama ameichovya kwenye chokaa. Lakini habari yake kubwa ni macho. Nyuma ya jicho ana utando unaorudisha mwanga, kwa hiyo kwenye giza au maji machafu yeye anaona vizuri wakati visamaki anavyovifukuza havioni kitu. Ndio maana mchana kwenye jua kali unaweza kushinda bila kuguswa, jua likizama tu anasogea kwenye kina kifupi kuwinda. Na Oktoba hii maji yameshaanza kupoa, jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, ni wakati wake hasa.

Nilimkuta mzee mmoja wa Kihmong, watu wenye asili ya Asia, wako wengi sana hapa St. Paul, amekaa kwenye ndoo aliyoigeuza. Tukasalimiana kwa kichwa. Giza lilipoanza nikawasha tochi ya kichwani, akanionyesha kwa mkono nizime. Kwetu baba mdogo alikuwa anavua dagaa kwa karabai, mwanga ndio unaowaita, usiku wa mbalamwezi wavuvi wanalala nyumbani. Huku nimezima tochi nikavua gizani, mwezi hakuna, nasikia tu bwawa linanguruma kule juu na ndege zinashuka kwenda eapoti.

Nilikuwa natumia jigi ya gramu 7, kile kirisasi chenye ndoano, na mkia wa plastiki. Unatupa pale maji yanayokimbia yanapokutana na yaliyotulia, kwa sababu wolai anapenda kujipumzisha kwenye yaliyotulia akisubiri chakula kiletwe na mkondo. Inazama, inagusa chini, unainua kidogo, unaiacha ishuke tena huku mshipi umeulaza kwenye kidole cha shahada. Kule kushuka ndiko anakodakia, na hadaki kwa nguvu jamani, ni kama mtu amekugusa na ukucha, tk, basi. Ukiwa unawaza mambo yako umeshamkosa. Nusu saa ya kwanza nilikosa wawili hivi hivi, mawazo yako floo ya pili. Yule mzee akaniambia niende polepole, huku anashusha mkono wake taratibu kama mtu anayemlaza mtoto.

Nikapunguza. Nikawa sina kitu kingine duniani isipokuwa kile kidole. Naona mawe kwa kidole, naona mchanga, naona tawi lililozama, halafu tk, nikavuta. Akashuka chini na kutikisa kichwa, uzito ule wa kutikisa kichwa ukaja mpaka begani. Nilipomfikisha ukingoni nikawasha tochi sekunde chache na macho yake yakawaka, mawili, kama vioo. Alikuwa na sentimita 48. Nikalowesha mikono kwanza, nikamtoa ndoano, nikamshika kwenye maji kichwa kikielekea mkondo unakotoka mpaka nikahisi matamvua yanafanya kazi, akapiga mkia akaondoka. Kipande hiki cha mto sheria inataka wolai wote warudishwe palepale. Sijui kengele ilinyamaza saa ngapi.

Saa tatu usiku nikarudi kwenye gari, meseji nne za kazini, sikuzijibu, nikampigia mama, kwao inakuwa saa kumi na moja alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mbona unahema?"

"Natoka kuvua. Nimepata samaki mkubwa, macho yake yanawaka."

"Umempika?"

"Nimemrudisha."

Akanyamaza kidogo. Nikamweleza sheria, halafu nikajikuta namweleza na yule mzee, na shati, na kile kifungo, kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza jina la yule marehemu, nikamtajia, akalirudia taratibu alivyoweza kulitamka, akasema atamwombea. Nyuma yake nikawa nasikia watu wanaitana.

"Mitumbwi inaingia baba, acha niwahi mwaloni kabla dagaa hawajaisha."