Nilivyoisoma bajeti ya Serikali kwa daftari la kikoba

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama hapa Ngamiani, Tanga. Uchumi sijausomea popote. Natanguliza hilo kwa sababu kuna watu hawalali mpaka wakwambie "hayo waachie wasomi".

Chanzo ni hatifungani, ile karatasi ya kukopesha Serikali au taasisi ikulipe riba, na siku ikiiva urudishiwe pesa yako. Februari 2024 mamlaka yetu ya maji, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani (ya miradi ya kutunza mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka. Vibarazani kila mtu akageuka mwekezaji. Wenzangu wa kikoba nao wakanibana: na zile za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo ukiwa na milioni moja unaingia, zikoje? Serikali inakopa ya nini? Na ikikwama? Mweka hazina asiye na jibu mwakani hapewi ufunguo wa sanduku, kwa hiyo nikapakua hotuba ya bajeti ya 2024/25, ile iliyosomwa Dodoma Juni 2024.

Mtoto wa dada yangu yuko chuo, akanishauri: "Mamdogo, anza ukurasa wa kwanza, usiruke." Ushauri wa hovyo kabisa. Huko mbele ni shukrani, pongezi na hali ya uchumi wa dunia, nikasinzia na miwani usoni. Nenda mwisho kwenye majedwali, utafute linaloitwa Mfumo wa Bajeti. Nilichapisha hilo tu pale stationari, sijui elfu moja au mia tano, nikalibandika kwenye daftari.

Sasa nije kwa mzee wetu wa baraza la kahawa. Huyu ana majibu ya kila kitu. Nilipompitia na karatasi yangu hata hakuivalia miwani.

"Mwanangu, hapo hakuna siri. Chukua kubwa toa dogo, kinachobaki ndiyo nakisi, yaani pengo la bajeti."

"Kubwa lipi, baba?"

"Bajeti yote. Dogo ni mapato ya ndani. Piga hesabu hapo hapo, tusikie."

Nikapiga. Bajeti yote trilioni 49.35, mapato ya ndani trilioni 34.61, inabaki 14.74. Baraza zima likaguna. Mzee akanywa kahawa yake kwa raha, akatangaza kwamba nchi imekwisha. Jioni hiyo habari ya trilioni 14 ilikuwa imeshafika sokoni.

Mimi sikukubali, na hapa najisifu bila haya. Hotuba yenyewe inasema nakisi isizidi asilimia 3 ya Pato la Taifa, ambacho ndicho kikomo walichokubaliana nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Pato la Taifa kwa mwaka 2023 lilikuwa trilioni 188 na ushee. Gawanya 14.74 kwa hiyo, unakuta karibu asilimia 8. Ama Waziri kaungama hadharani kavunja kikomo zaidi ya mara mbili na Bunge zima likapiga makofi, ama mzee wangu katoa kitu kisichotolewa.

Nikachukua daftari la kikoba. Kila ukurasa wetu una safu tatu: pesa yetu, pesa ya kupewa, pesa ya kurudisha. Nikaacha kutazama majina marefu ya Serikali, kila mstari nikauuliza swali moja tu: hii itarudishwa? Mapato ya ndani, 34.61, yakaingia safu ya kwanza bila ubishi. Misaada na mikopo nafuu ya washirika wa maendeleo, 5.13, ikanisumbua kwa sababu wameifunga kamba moja: misaada hairudishwi, mikopo nafuu inarudishwa hata iwe nafuu vipi. Mikopo ya nje ya kibiashara, 2.99, safu ya tatu. Mikopo ya ndani, 6.62, safu ya tatu. Jumlisha yote, inarudi 49.35 kamili. Nilipoona imefunga nilipiga kigelegele peke yangu, mume wangu akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Utamu wenyewe uko ndani ya hiyo 6.62. Trilioni 4.02 zake hazijengi hata choo cha shule. Ni za kulipia hatifungani za zamani zilizoiva, pamoja na dhamana, yaani ndugu zake za muda mfupi. Ni kama mwanakikoba anayekopa leo ili arudishe mkopo wa mwaka jana: deni linabaki lile lile, limebadilishwa tarehe. Kwa hiyo haihesabiwi kwenye nakisi. Kwenye ile 14.74 ya mzee toa hiyo, toa na misaada, toa na marejesho ya mikopo ya nje ya zamani (mtaji wake, bila riba), ndipo unaikaribia nakisi yenyewe, ile inayoongeza deni jipya. Nilimpelekea mzee. Akasema ndicho alichokuwa anamaanisha.

Kwa anayetaka ya mkoa wake: usihangaike na hotuba, tafuta Kitabu cha Tatu cha makadirio. Tanga ni Fungu 86, ndiyo namba yake kwenye vitabu vya bajeti, na halmashauri zetu zimo humo. Deni la Taifa ni Fungu 22, lakini liko Kitabu cha Pili; lipitie hata kama huna haja nalo. Halafu makadirio ni makadirio, iliyoidhinishwa siyo iliyotoka. Ukitaka iliyotoka subiri ripoti ya CAG, yule Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na usimwache mtu akuchanganyie hizo mbili kwenye sentensi moja.

Kwenye kikao nilibandika ukurasa wangu ukutani. Mama mmoja anayeuza samaki Deep Sea, ambaye kwa kawaida husinzia mpaka ugali uletwe, akanyoosha mkono.

"Mweka hazina, sisi tukiwapa yetu, siku ya kutulipa watakopa kwa nani?"

"Kwa wengine watakaokuwepo siku hiyo, dada. Au kodi iwe imepanda."

Akafikiri. Akasema basi yeye ataweka kwenye ya miaka 2, ile ya miaka 25 wakaweke wenye wajukuu.

Kura zikamfuata yeye.