Kijito Kilipofura Njiani Kuelekea Amani

Mume wangu ni fundi bomba, na kwa miaka mingi amekuwa akiunganisha maji katika nyumba za Ngamiani, Chumbageni na Makorora hapa Tanga. Maji hayo hutoka katika bwawa la Mabayani, na bwawa hilo hujazwa na mto Zigi, ambao chemchemi zake zimo katika misitu ya milima ya Usambara Mashariki. Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, na kila nilipofika katika somo la mzunguko wa maji niliwaeleza wanafunzi jinsi upepo wenye unyevu unavyotoka Bahari ya Hindi, ukagonga milima ile, ukapanda na kupoa, kisha ukaangusha mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Hata hivyo, si yeye wala mimi aliyewahi kuuona mto huo kule juu unakoanzia. Kwa hiyo Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba tuliwaacha watoto kwa mama mkwe wangu, tukapanga kutembea kwa miguu katika hifadhi ya msitu wa milima hiyo, kutoka kijiji cha Sigi hadi Amani iliyo juu, na kurejea nyumbani kabla ya isha.

Tulitoka mara baada ya sala ya alfajiri, tukapanda basi dogo mpaka Muheza, tukanunua machungwa pale stendi, na bodaboda mbili zikatufikisha Sigi. Hapo ndipo ilipokuwa ikiishia reli ndogo ya Wajerumani, waliojenga taasisi yao ya utafiti wa mimea huko Amani mwaka 1902, na nyumba ya kituo hicho cha reli sasa hutumika kuwapokea wageni wa hifadhi. Tulilipa kiingilio, tukapewa kijana wa kutuongoza, mwenyeji wa kijiji cha jirani, mpole wa maneno na mwepesi wa miguu. Alituambia kwamba Sigi iko kwenye kimo cha mita 450 hivi na Amani inakaribia mita 900, na kwamba tukienda kwa mwendo wa kawaida tungeswali adhuhuri juu.

Mwendo wetu haukuwa wa kawaida, kwa sababu mume wangu alisimama kwenye kila mchirizi wa maji. Alikuwa akiinama, akichota kwa kiganja, akiyatazama dhidi ya mwanga na kumuuliza kijana yanaelekea wapi. Kijana alimjibu kwa subira, akamwonyesha tofauti kati ya kijito kinachotoka chini ya miti mikubwa, ambacho hubaki cheupe hata baada ya mvua, na kile kinachopita katika mteremko uliofyekwa, ambacho hubeba udongo mwekundu. Mimi nilifurahia vitu vingine: mbega waliokuwa wakirukaruka juu yetu, iliki zilizoota kivulini, na mvumo wa mbawa za hondohondo, ambao husikika kabla ndege mwenyewe hajaonekana. Nilitaka pia kuona ua dogo la zambarau ambalo mtaalamu Hermann Wendland aliliita Saintpaulia mwaka 1893, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyelipeleka Ulaya kutoka huku kwetu. Watu wa nchi za mbali hulipanda kwenye vyungu madirishani mwao. Mimi, mzaliwa wa Tanga, nilikuwa nikilifahamu kwa picha tu.

Nililiona kwenye kivuko cha kijito kimoja, limejishikiza kwenye mwamba wenye unyevu upande wa juu wa njia. Tulivuka kwa kukanyaga mawe, maji yakiwa hayafiki hata kwenye vifundo vya miguu, tukaketi ng'ambo kula chapati na mayai ya kuchemsha. Jua lilikuwa likipenya katikati ya majani. Ndipo mume wangu alipoona, kwenye ukingo tuliotoka, bomba jeusi la plastiki linaloteremka kutoka kwenye banio la wanakijiji, yaani kizuizi wanachokingia maji ya kijito, na kwenye kiungio chake maji yakimwagika.

"Fundi, liache," nikamwambia, kwani ndivyo nimwitavyo. "Wenyewe watakuja kulitengeneza."

"Mwalimu, kuna mtu huko chini ameweka ndoo yake anasubiri maji haya," akanijibu, akatoa mfukoni kisu na ukanda wa mpira wa baiskeli, vitu ambavyo havimwachi popote aendapo, akavuka kurudi.

Alikuwa amepiga magoti akifunga kiungio kile wakati kijana aliposimama ghafla na kuutazama mto bila kusema neno. Kulikuwa na ngurumo mbali sana, upande wa Amani, wala hakuna tone lililokuwa limetuangukia. "Mama, sogea nyuma," akasema. Kwanza yalipita majani makavu na vijiti, kisha povu, halafu maji yenyewe yakageuka rangi yakawa kama chai ya maziwa, na mawe tuliyokuwa tumeyakanyaga yakamezwa moja baada ya jingine mbele ya macho yangu. Mume wangu alipoinua kichwa, kivuko hakikuwepo tena.

Nilipiga kelele asivuke, na najua hakunisikia, kwa kuwa hata kijana aliyekuwa kando yangu nilimwona akifumbua mdomo bila sauti yake kunifikia. Upana wa maji yale haukuzidi ule wa uchochoro wa Ngamiani. Niliweza kuona kifungo kilichofunguka kwenye shati lake, lakini sikuweza kumpa hata neno moja. Nilimwona akiteremka hadi ukingoni, akijaribu kwa fimbo kupima kina, na fimbo ikanyakuliwa mkononi mwake. Alinitazama, kisha akainua mkono na kuuzungusha taratibu, kama afungavyo koki. Nikaelewa: tusubiri yajifunge yenyewe.

Tukasubiri. Chakula chote kilikuwa upande wangu, na simu yake pia ilikuwa kwenye mkoba wangu, ingawa bondeni mle hakukuwa na mtandao. Kijana alifunga chapati kwenye mfuko pamoja na jiwe, akazirusha, zikaangukia majini. Machungwa yalifika. Mume wangu aliyadaka, akalimenya moja na kulila akiwa amenielekea, akanionyesha maganda ili niwe na hakika kwamba amekula. Halafu mvua ikatufikia na sisi, na mto ukazidi kupanda.

Kufikia saa kumi kijana alinieleza hali ilivyo, kwa adabu na bila kunificha lolote. Mvua ilikuwa bado inanyesha juu, maji yangeweza kupungua usiku, lakini hakuna mtu anayevuka mto gizani. Upande wa mume wangu, njia ya kushukia Sigi ilikuwa wazi, na kama angeondoka wakati ule angefika kabla ya jua kuzama. Upande wetu tungeweza kupanda hadi kwenye nyumba za wachuma chai. Nilimwashiria mume wangu ateremke. Akakataa. Nikamwashiria tena, nikimwonyesha jua, nikimwonyesha kijana na njia ya juu, naye akazungusha mkono wake vilevile, koki, koki, akaketi juu ya jiwe.

Namfahamu mtu huyu. Asingeondoka mahali pale maadamu ananiona nimeketi. Kwa hiyo niliinuka, nikajitanda mtandio wangu, nikampa mgongo na kuanza kupanda, na sijawahi kufanya jambo lililoniuma kuliko lile. Baada ya kona nilisimama nyuma ya shina la mti na kuchungulia. Alibaki pale kwa muda mrefu, mvua ikimnyeshea. Kisha alikusanya machungwa yaliyobaki, akayatia kwenye mifuko ya suruali, akaishika njia ya Sigi.

Wachuma chai walitupokea kwa ukarimu ambao nitaukumbuka daima. Mama mwenye nyumba alinipa kanga kavu, akanikalisha karibu na moto, akanipakulia ugali na maharage, akazungumza na kijana kwa Kisambaa huku akinitazama kwa huruma. Sikuweza kumeza chakula chake kwa raha mpaka kijana alipopanda kwenye kichuguu nje, mahali panapopatikana mtandao, akampigia mwenzake wa getini. Aliporudi alikuwa akitabasamu. "Mama, mzee amefika. Ameshabadili nguo." Hapo nikala, na mama yule akaniongezea maharage bila kuniuliza.

Asubuhi niliteremka kwa lori la chai kwa njia ya gari. Mume wangu alikuwa amesimama kando ya barabara na shati la kuazima, akaniuliza kwanza kama nililala pakavu. Tulipokaa peke yetu kusubiri bodaboda, nilimweleza kwamba nilimwacha makusudi ili aondoke.

"Niliona," akasema. "Ncha ya mtandio wako ilikuwa imetokeza nyuma ya mti."

"Ulijua kwamba nipo, na bado ukaondoka?"

"Uliponipa mgongo nilielewa unataka nishuke. Nikashuka."

Hatukufika Amani safari ile. Kabla ya kuondoka Sigi alimwelekeza kijana mahali bomba linapovuja, akamwambia ukanda wa mpira hautastahimili msimu mzima wa mvua, na Jumatatu yake alinunua yunioni, kiungio cha kuunganishia bomba, ya kipimo kilekile, akaifunga kwenye karatasi na kuikabidhi kwa kondakta wa basi la Muheza aipeleke kwa kamati ya maji ya kijiji. Mimi nilitia ndani ya kifurushi hicho kanga mpya ya mama mchuma chai, pamoja na barua fupi ya shukrani.