Mjomba na besi ya Blanton

Mwaka 2004 nilikuwa nikiishi Washington, na kila asubuhi basi langu lilipita juu ya daraja lenye jina la Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi ya jazz. Mji huo ndio uliomzaa, mwaka 1899. Nadhani daraja hilo ndilo lililonitia tamaa ya kununua boksi la CD tatu lililotoka mwaka uliotangulia, Never No Lament, rekodi za bendi yake za 1940 hadi 1942. Bei yake ilinitoa jasho; nilikula maharage wiki nzima.

Mjomba alikuja Februari kwa ajili ya harusi ya binti yake, akafikia kwangu. Ujanani alipiga gitaa la besi katika bendi moja ya dansi pale Tanga, kisha akaacha ghafla, akawa karani. Mkewe alisema ni dini. Mama yangu alisema ni mkewe.

Jumapili theluji ikatufungia ndani, nikamwekea CD. Alisikiliza kwa adabu ya mgeni.

"Hii ndiyo jazz?"

Kwake jazz ni neno la mwisho kwenye jina la bendi: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Morogoro Jazz.

"Mbona wimbo unaisha kabla haujachemka?"

Nikamweleza kwamba santuri za enzi zile zilibeba dakika tatu na kidogo tu kila upande.

"Sisi tuligeuza upande wa pili tukaendelea," akasema, na kwa hilo sikuwa na jibu.

Nikarudisha "Jack the Bear", uliokuwa umempita wakati anamimina chai. Pale mwanzo bendi nzima inatoa kauli, kisha besi peke yake inajibu. Na mwishoni ni besi tena inayokuja mbele. Mjomba akaweka kikombe chini.

"Nani huyo?"

Jimmy Blanton, nikamwambia. Ellington alimchukua kutoka mji wa St. Louis mwaka 1939, kijana wa miaka 21, na besi lile kubwa la kusimama. Kabla yake wapiga besi wengi walikuwa wakishikilia mapigo tu. Yeye akaliimbisha kama tarumbeta. Kifua kikuu kikamuua mwaka 1942, akiwa na miaka 23.

"Rudisha, mjomba."

Nikarudisha mara tatu. Kupisha ukimya nikamsimulia kisa nilichokuwa nimekisoma: Blanton alipoingia, bendi tayari ilikuwa na mpiga besi wake, Billy Taylor, mtu mzima mwenye jina. Wakawa wanapiga wote wawili. Mwanzoni mwa 1940 Taylor akaondoka, akisema hawezi kusimama pembeni ya mtoto yule na kuaibika kila usiku.

Nilidhani atacheka. Alikuwa anaitazama theluji dirishani.

"Alifanya vizuri," akasema baadaye. "Mimi nilingoja miezi minne."

Sikumwelewa mara moja.

"Wangu alitoka Pangani. Hata viatu vya jukwaani alikuwa anaazima vyangu." Akanyoosha kikombe nimwongezee chai. "Na usimwambie shangazi yako. Yeye anajua ni dini."