Mdudu wa dhahabu kwenye matembele, na jinsi nilivyojifunza kuanza na jani

Mimi ni fundi simu hapa Muheza, wadudu sijasomea popote, haya mambo yalinianzia kwenye tuta la matembele nyuma ya nyumba. Asubuhi moja baada ya mvua nachuma mboga nikaona kitu kinang'aa juu ya jani, nikajua karatasi ya pipi, kusogea kumbe mdudu, duara kama kobe mdogo, ukubwa wa kifungo cha shati, pembeni ana ukingo unaopitisha mwanga kama nailoni na katikati dhahabu tupu, yaani dhahabu ya sonara kabisa. Nikamtia kwenye chupa ya jemu nikakaza kifuniko, hata kutoboa sikutoboa. Kesho yake kafa, na dhahabu yote imekwisha, kabaki kahawia kama ganda la kunde lililokauka. Nikamgombeza mwanangu bure nikidhani kambadilisha.

Baadae ndo nikaelewa, ile sio rangi ya kupaka, ni unyevu uliomo kwenye matabaka ya gamba lake ndo unafanya mwanga urudi vile, akikauka na dhahabu inaondoka. Kwa hiyo huyu mpige picha akiwa hai. Kundi lake linaitwa Aspidimorpha. Watoto wake sasa ndo vituko: wana miiba pembeni na mkia wa panda, kwenye ile panda wanabebea mavi yao pamoja na ngozi walizojivua, wanaukunja juu ya mgongo kama mwavuli, ukimgusa anakuelekezea mzigo wote. Mke wangu aliona mara moja akasema matembele ya wiki hii tutanunua sokoni.

Basi ugonjwa ukaniingia, kila mdudu napiga picha naiuliza app ya kutambua wadudu, picha hii inasema jina hili, nikimgeuza kidogo inasema jingine. Nikaja kuona tatizo sio app peke yake. Hii familia ya mbawakawa wanaokula majani, aliyomo na yule wa dhahabu, ina spishi zaidi ya 35,000 zenye majina tayari, na wengi ni vidude vya milimita tano sita vinavyofanana, utavitofautisha kwa picha ya simu saa ngapi? Kilichonikomboa ni kumwacha mdudu pembeni kwanza nikaanza kujua mmea, maana wengi wao ni wachaguzi kweli, wanakula mmea mmoja na ndugu zake, mwingine hata kwa njaa hagusi.

Kwenye mimea mwalimu wangu ni mzee mmoja jirani anayejua dawa za miti shamba. Naenda na majani kwenye mfuko, "shikamoo babu", ananijibu "marahaba mjukuu wangu, leo umeleta majani au umeleta wadudu?" Yeye ndo alinionyesha kwamba bamia, choya na pamba ni jamii moja, tazama ua na lile tunda. Toka hapo vile vidudu vinavyoruka kama kiroboto kwenye bamia, wanaotoboa majani matundu madogo madogo kama yamepigwa msumari, nikawa nawatafuta na kwenye magugu yenye ua la namna ile, na nikawapata. Ukiwatazama kwa karibu mapaja ya nyuma yamevimba, ndo yanayowarusha.

Ila kuna kosa nimelifanya sana na nadhani wengi tunalifanya. Unamkuta mdudu kakaa kwenye mchicha unaandika "anakula mchicha". Hapana, pengine kapumzika tu, au upepo umemleta. Mmoja nilimweka na mchicha siku mbili, jani zima halina hata kovu, nikamwekea jani la kiazi kitamu jioni, asubuhi kuna madirisha. Siku hizi kwenye chupa naweka majani mawili tofauti na tishu yenye maji kidogo, kifuniko nimetoboa, alama za meno zikitokea ndo naandika, na bado narudi shambani kuhakikisha kama mmea huo anaula akiwa huru, maana mfungwa mwingine hula chochote.

Alama zenyewe zinasema mengi. Kwenye maboga yupo wa rangi ya chungwa, huyu nilimkalia karibu saa nzima nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, hakuanza kula hata kidogo, alianza kuchora duara kwenye jani, anakata taratibu huku anazunguka mpaka anakaribia pale alipoanzia, halafu ndo akala kilichomo ndani ya duara. Anakata njia za utomvu usimfuate pale anapokula. Fundi huyo! Kwa shangazi yangu Mombo kwenye majaruba ya mpunga yupo mweusi mdogo wa miiba mgongoni, yeye anakwangua jani anaacha mistari myeupe inayofuata urefu wa jani, na huyo ni wa kuogopa maana ni mmoja wa wanaosambaza kimyanga, ule ugonjwa wa mpunga.

Wanaonichanganya mpaka leo ni wale wa mviringo wenye madoa. Tunafundishwa kwamba wanakula vidukari na ni marafiki wa mkulima, lakini wapo wa jamii hiyo hiyo wanaokula majani ya maboga na biringanya, kwa hiyo kumkuta anatafuna jani peke yake haitoshi. Hapo natumia ile lenzi ya kazini, ninayoangalizia saketi, nahesabu vipingili vya unyayo: yule wa familia ya mbawakawa wa majani utaona vinne, cha tatu kimepasuka kama kwato ya mbuzi, yule wa madoa utaona vitatu. Mshike taratibu lakini, mguu unakatika.

Na ukikuta kwenye kongwe, lile gugu la maua ya bluu, mdudu mwembamba kidogo, mabega yamemzidi shingo, mchukue kwa vidole viwili umsogeze sikioni. Analia. Kasauti kembamba kama kiatu kipya, anasugua mbawa na tumbo. Juzi nilimpelekea babu asikie, akasema haskii kitu, masikio yameshachoka, ila akaniomba nimwachie lile jani.