Bibi wa Lindi alivyonirudisha darasani

Swali lililonirudisha shule niliulizwa kwenye benchi la nje ya ofisi yangu na bibi mmoja wa kutoka Lindi. Alikuwa wiki ya pili ya mionzi, saratani ya mlango wa kizazi, amefikia kwa binti yake Mbagala, Dar es Salaam. Kule Mbagala kulikuwa na mjukuu wa miezi 7.

"Mwanangu, hii mionzi ninayopigwa, mtoto nimbebe au nitamdhuru?"

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Siku ile nilikuwa nashughulikia tu barua yake ya msamaha wa gharama za matibabu, pamoja na nauli yake. Jibu sikuwa nalo, ila nilikuwa na kitambulisho shingoni, na mwenye kitambulisho shingoni huona aibu kusema hajui. Nikamwambia, "Bibi, subiri kwanza umalize matibabu."

Akatii. Siku 9 baadaye binti yake akanieleza kwamba mama anakula peke yake chumbani, na mtoto akilia anabaki kumwangalia kupitia mlangoni tu.

Jibu nilikuja kulipata kwa dada mmoja anayeendesha mashine ya mionzi, huku anamalizia chai yake. Mionzi ya nje, ile ya kulala chini ya mashine, haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, umetoka kama ulivyoingia, unabeba mtoto, unapika, unalala na watu. Hata ile ya ndani wanayowekewa wenye saratani ya mlango wa kizazi, chanzo chake kikishatolewa hakuna kinachobaki. Anayeambiwa akae mbali na watoto kwa siku kadhaa ni kama yule aliyenyweshwa iodini yenye mionzi kwa saratani ya tezi ya shingoni. Maelezo yote hayakufika dakika 10, na mimi nilikuwa na mwaka na nusu kwenye kitengo cha saratani.

Jioni ile nikapanda gari la Mbagala kwenda kumwomba bibi radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "Haya," akamchukua mjukuu wake, akanigeuzia mgongo.

Sitaki kulaumu chuo. Nilifundishwa familia, umaskini, sheria za mtoto, namna ya kufanya mahojiano. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba mgonjwa wa saratani atamuuliza afisa ustawi yale anayoogopa kumuuliza daktari, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye benchi moja. Nikaomba ruhusa kazini ya kwenda mafunzo ya wiki mbili. Mkuu wangu wa wakati huo alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kozi tena? Si ulishahitimu?" Muuguzi niliyekuwa nashirikiana naye ofisi alikuwa anakimbizana na pointi za mafunzo endelevu ili leseni yake ihuishwe. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza hata pointi moja. Nikaamua nitajifundisha nikiwa kazini, kwa bando langu.

Mtandaoni nikakuta Wamarekani wana chama kizima cha maafisa ustawi wa saratani, AOSW, tangu 1984. Wana hadi cheti chao maalumu, OSW-C. Nilisoma masharti usiku mzima nikiwa na furaha, mpaka nilipofika kwenye shahada ya uzamili. Mimi ninayo ya kwanza tu. Cheti nikakiweka pembeni, nikabaki na orodha ya mambo ambayo mwenye cheti anatakiwa kuyajua. Orodha ile ndiyo ikawa mtaala wangu.

Kisha nikajiunga na darasa la bure la mtandaoni lililoendeshwa kwa saa za New York. Saa 7 mchana kwao, saa 2 usiku kwetu, muda ambao nimeshapika na watoto wameshakula. Nilihudhuria bila kukosa mpaka Novemba. Siku hiyo nikaingia saa 2 kamili, nikakaa mbele ya kioo cheupe, bando linateketea, hakuna mtu. Nikadhani wamenifuta. Kumbe wenzetu Novemba wanarudisha saa nyuma, darasa limehamia saa 3 usiku. Sisi tulio jirani na ikweta mambo ya kusogeza saa tungeyajulia wapi?

Huko ndiko nilikokutana na kipimo chao cha dhiki. Ni picha ya kipimajoto chenye namba 0 hadi 10. Mgonjwa anazungushia namba inayoonyesha wiki yake ilivyokuwa, na pembeni kuna orodha ya matatizo: usafiri, watoto, usingizi, maumivu, imani. Akifika 4 au zaidi, unamwita mkae mzungumze. Karatasi moja tu. Nikaitafsiri, nikachapisha nakala 20, nikaingia nazo kliniki Jumatatu kama mtu aliyeleta dawa.

Mama wa kwanza aliitazama ile picha, akajigusa paji la uso. "Homa sina, mwanangu."

Wa pili akasema sifuri. Wa tatu sifuri. Wa nne, ambaye nilijua mume amemkimbia tangu titi litolewe, naye akasema sifuri, tunamshukuru Mungu. Nilirudi ofisini na kliniki nzima isiyo na dhiki hata moja. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwamba nilichouliza hakikuwa na tofauti na "hujambo", na hujambo jibu lake linajulikana.

Nikaacha namba. Nikachora ndoo, ile ya kawaida ya lita 20 ambayo kila mtu ameibeba. Nikawa nauliza, "Mama, kama mawazo yangekuwa maji, wiki hii ndoo yako imefika wapi?" Aliyesema sifuri wiki iliyotangulia akaweka kidole kwenye mdomo wa ndoo, akaniuliza yanayomwagika yanahesabiwa vipi. Tulikaa naye saa nzima.

Nilipoeleza jambo hili kwenye lile darasa la usiku, mwalimu alinipa onyo ambalo nalishika hadi leo: kipimo ukikibadilisha picha si kipimo kilekile tena, kwa hiyo kidole kwenye ndoo nisikiandike kwenye faili kama vile ndiyo namba ya karatasi yao. Ni haki. Ndoo naitumia kufungulia mazungumzo, na kwenye faili naandika maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Somo jingine lililonisumbua kulileta nyumbani ni SPIKES, hatua 6 za kutoa habari mbaya, zilizochapishwa mwaka 2000. Unaandaa mahali, unauliza mgonjwa anajua nini, unaomba ruhusa ya kumweleza, unaeleza, unapokea hisia zake, mnapanga. Vizuri kabisa, ila zinadhani mko wawili chumbani. Kwangu mgonjwa huja na dada, mtoto wa kaka na shemeji mwenye sauti, na shemeji ameshanivuta pembeni: "Mgonjwa asiambiwe." Ile hatua ya kuomba ruhusa ndiyo niliyoipanua. Siku hizi namuuliza mgonjwa mapema, kabla majibu hayajatoka: yakija, nikuambie wewe, au nani akae nawe? Wengi humtaja mtu, na mara chache sana huwa ni yule shemeji.

Hatua hizi huwezi kuzishika kwa kusoma. Tulizishika kwa kuigiza, watu wanne wa ustawi kutoka hospitali tofauti, kila Alhamisi saa 10 jioni ufukweni, barabara ile ambayo tangu 2013 inaitwa Barack Obama ingawa konda wa daladala bado atakwambia Ocean Road. Mmoja anakuwa mgonjwa, mmoja shemeji, mmoja afisa. Wa nne anaandika. Ikifika zamu yangu ya ushemeji, wapita njia hugeuka kutazama. Kila mmoja huleta kisa kimoja bila jina wala kijiji. Halafu tunaalika mtu wa fani nyingine atusomeshe kitu kimoja. Mfamasia alituambia kwa nini morfini ya kunywa, ile dawa ya maumivu makali, hutolewa kila baada ya saa 4 na kwa nini lazima iende na dawa ya kulainisha choo. Tangu hapo naweza kumjibu mtoto anayeficha chupa ya mama yake kwa kudhani ni dawa ya kumalizia. Malipo ya mwalimu ni mihogo ya kukaanga na soda.

Juu ya kuchoka moyo nitasema kidogo. Tulipoanza tulidhani tunakutana kusoma. Ilipofika mvua za masika, Alhamisi mbili mfululizo hatukufungua daftari, tulitaja tu majina ya kwanza ya waliofariki mwezi ule.

Daftari langu sasa ni la tatu. Ukurasa wa mwanzo kabisa una swali la bibi wa Lindi, na jibu lake kwa wino mwekundu. Wa mwisho una mzee mmoja mvuvi, saratani ya koo, niliyemwonyesha ndoo jana Jumanne. Aliisukuma karatasi ikanirudia. Akasema yeye hana ndoo, ana pipa, na pipa lenyewe linavuja, sasa nimwambie yeye aonyeshe wapi. Sikuwa na jibu. Nilimwambia hivyo: sina jibu, baba, nipe mpaka Ijumaa. Kesho ndiyo Alhamisi, na zamu ya kuleta kisa ni yangu.